Kichwa cha Kuhe

Samaki waliyempeleka kwa wakwe alikuwa na kichwa cha samaki mwingine, na kwa sababu hiyo Violet hakuolewa. Wako watu Tunduma wanaosimulia vingine. Wanasema kulikuwa na dawa kwenye ule mchuzi mtamu. Hakukuwa na dawa. Kulikuwa na kichwa, na aliyekiweka ni Fanueli, baba mkubwa wa binti, asubuhi kweupe, akiwa na akili zake timamu.

Fanueli alikuwa mpishi. Alipika miaka mingi kwenye kantini ya mgodi kule Copperbelt, upande wa Zambia, akiwalisha wazungu wa mgodi. Mgodi ulipouzwa, wenye mali wapya wakaja na wapishi wao. Fanueli akarudi Tunduma na sanduku la nguo, visu vyake na ubishi mwingi. Akafungua mgahawa kando ya barabara kuu, ukafa. Madereva wa malori walitaka ugali na nyama choma. Yeye akawaletea viazi vya kupondwa, na wasipomaliza akasimama juu ya meza yao kuwaeleza kwamba hawajui kula.

Mdogo wake alipofariki alimchukua binti yake, Violet, akamlea akisaidiana na Scola, dada yake yeye Fanueli. Hilo hakuna wa kumnyang'anya. Alimsomesha, akamvalisha, akamfukuzia wahuni mpaka akakua. Violet akapata mchumba wa maana, Wilbard, kijana wa Mpemba, jirani na Tunduma, aliyekuwa karani kwa wakala wa forodha pale mpakani. Mahari ikaletwa, mchungaji akatangaza ndoa. Violet alikuwa na mimba. Pande zote mbili zilijua na hakuna aliyefungua mdomo, maana kila mtu alijua ni ya Wilbard na harusi ilikuwa mlangoni. Kilichobaki ni chakula tu.

Chakula chenyewe ni desturi. Familia nyingi za Tunduma zina ndugu Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na mambo ya kule huvuka bila kugongewa muhuri. Mojawapo ni hili la kumwonyesha mkwe moto. Kijana hali kwa wakwe zake mpaka wampelekee vyungu. Wanawake wa upande wa binti hupika kila chakula atakachokula kwenye ndoa yake, wakavibeba hadi kwao, wakapiga magoti na kufunua kimoja kimoja mbele ya wazee wake. Kila kitu kiwe kizima. Kuku aje na firigisi, shingo na miguu. Samaki aje na kichwa na mkia. Kikikosekana kipande, maana yake kuna mtu ameonja kabla yako, na wewe unaletewa makombo. Vyungu vikipokelewa hurudi vimeoshwa, vina zawadi ndani. Vikirudi na chakula chake, hakuna ndoa.

Upande wa Wilbard, mwenye kauli alikuwa baba yake mdogo, Osea, muuza nyama wa Mpemba. Baba yake Wilbard alikuwa amekwisha fariki, na mama yake, Rosemary, alikuwa mwanamke mpole anayesikiliza zaidi ya anavyosema. Osea alikuwa na mikono mipana na sauti ya kuita ng'ombe. Fanueli alimchukia tangu siku ya kupanga mahari. Siku ile Osea alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akauliza mbele ya watu wote:

"Kwani mzee, wewe kazi yako ilikuwa nini huko Zambia?"

"Mpishi mkuu."

"Aa. Mama lishe mwenye ndevu."

Nyumba nzima ilicheka. Hata Scola alicheka, akajifunika mdomo kwa kanga. Fanueli hakucheka. Alirudi nyumbani na hilo jina limemkwama kooni kama mwiba. Usiku alilala nalo, asubuhi akaamka nalo, na kila alipopita buchani kwa Osea aliona kama nyama zote zilizoning'inia zinamcheka.

Kwa hiyo siku ya vyungu ilipokaribia, alikuwa na lake. Mwaka ule foleni ya malori ya kuvuka mpaka ilikuwa imefika mpaka Mpemba, na ndani ya foleni kulikuwa na lori la barafu lililotoka bandarini Dar es Salaam likipeleka chakula cha wazungu migodini. Mashine yake ya baridi ilianza kukohoa. Dereva akaona heri auze kuliko kumwaga. Fanueli aliposikia kuna samaki wa Ulaya ndani, alikimbia kama kijana. Akarudi na boksi kifuani, na ndani yake mbavu mbili za samaki, nyekundu kama papai lililoiva, laini, zimetolewa mifupa yote.

"Huyu anaitwa samoni," alimwambia Scola. "Wakwe zetu hawajawahi kumwona hata kwenye ndoto. Kesho nampika mimi."

Scola alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Kaka, vyungu ni vya wanawake."

"Vyungu vyenu sivigusi. Pikeni maharage yenu. Samaki ni wangu."

"Samaki tunaye. Nimeagiza kuhe kutoka Kasanga, yuko kwenye beseni. Mzima."

Fanueli alikwenda kumtazama yule kuhe. Alikuwa samaki mzuri wa Ziwa Tanganyika, mkubwa, macho bado maangavu. Akamgeuza kwa kidole kimoja kama mtu anayekagua soksi ya mwenzake. "Huyu hata Osea anamjua," alisema. "Nataka ale kitu asichokijua, akose la kusema."

Hapo ndipo mambo yalipoanzia kuharibika. Mwanamume alitaka kumfunga mdomo mwenzake kwa samaki wa binti.

Jumamosi asubuhi akaanza kazi. Na kazi aliijua, tusimwonee. Oveni hakuwa nayo, akatengeneza. Alichukua sufuria kubwa ya msibani, akamwaga mchanga mkavu chini, akaiweka juu ya mkaa ikashika moto taratibu. Mchuzi wa kupaka aliuchemsha kwenye kikaango: asali ya porini, sosi nyeusi ya soya aliyotoka nayo mgodini na kuitunza kama dawa, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, pilipili kidogo, ndimu. Akakoroga mpaka ukawa mzito, unang'ang'ania kijiko. Akaulamba. Akafumba macho. Utamu ulitangulia, chumvi ikafuata, halafu pilipili ikaja nyuma kabisa, pole pole, kama mgeni anayejua adabu.

Akawapaka wale samaki, akawatuliza ndani ya sufuria juu ya trei, akafunika na kupanga makaa juu ya mfuniko. Kila baada ya muda alifunua, akapaka tena. Alipowatoa waling'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride, wamekolea rangi ya kahawia pembeni, na harufu ikatoka mpaka barabarani. Jirani akachungulia ukutani.

"Ba Fanueli, mnapika keki?"

"Napika samaki."

"Samaki wa sukari? Mtaniita!"

Violet mwenyewe alitoka chumbani, mkono juu ya tumbo, akasimama mlangoni. "Baba mkubwa, inanukia vizuri sana." Akacheka. Fanueli akamkatia kipande chembamba pembeni, akamlisha kwa uma. Binti akatafuna huku macho yamemtoka. "Wilbard atalia," alisema. Hayo ndiyo maneno yaliyomjaza Fanueli kichwa kabisa.

Scola akaja na wanawake wenzake wawili kukagua vyungu. Akafika kwenye trei, akasimama. Akainama kushoto, akainama kulia.

"Kichwa kiko wapi?"

"Hana. Wanauzwa hivyo."

"Mkia?"

"Scola, nimekwambia wanauzwa hivyo. Ulaya hakuna mtu anakula kichwa."

"Sisi hatuendi Ulaya, tunakwenda Mpemba." Scola alivuta kanga yake akaifunga vizuri kiunoni, na Fanueli alijua maana yake. "Mimi chungu hicho sibebi. Nikimfunulia Osea samaki hana kichwa, atauliza kichwa amekula nani. Na wewe unajua hali ya binti. Unataka waulize hivyo leo?"

"Basi mimi nitaeleza."

"Utaeleza nini? Wewe hutakiwi hata kuwepo!"

Walitukanana pale uani mpaka maharage yakakaribia kuungua. Scola alimwita kichwa kigumu. Yeye alimwita Scola mshamba aliyekulia kwenye moshi. Wale wanawake wawili walijishughulisha na kufunga vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshafungwa. Mwishowe Scola alisema neno moja: kuhe aende, samoni abaki. Akaingia ndani kuoga, akitoka aje amkaange.

Fanueli alibaki na samaki wake. Kumwacha nyumbani ilikuwa sawa na kumwambia Osea, ndiyo, mimi ni mama lishe. Akatazama beseni. Akamtazama kuhe. Akachukua kisu chake kikubwa, akamkata kichwa kwa pigo moja, akamkata na mkia. Akavipaka ule mchuzi, akavichoma mpaka vikashika rangi ileile. Halafu akazipanga mbavu mbili za samoni moja juu ya nyingine ili zivimbe kama samaki mzima, akaweka kichwa mbele na mkia nyuma, na kwenye maungio akatandaza vipande vya ndimu na vitunguu. Akarudi hatua nyuma. Alikuwa samaki. Alikuwa samaki mkubwa, mzuri kuliko samaki yeyote aliyewahi kumwona.

Scola alipotoka kuoga alikuta kuhe hana kichwa na saa imekwisha. Upande wa pili walikuwa wameshatuma mtu kuuliza mko wapi. Akatazama trei, akamtazama kaka yake.

"Mungu wangu. Umefanya nini?"

"Sasa ana kichwa. Beba."

Alibeba. Baadaye wengi walimlaumu kwa hilo, lakini angefanya nini? Kwenda bila samaki lilikuwa kosa lilelile.

Fanueli naye akafuata nyuma ya wanawake, kinyume cha desturi, akisema anawalinda na pikipiki za barabarani. Alitaka kuona uso wa Osea.

Kwa akina Wilbard walikuwa wametandika mikeka uani. Wazee wamekaa viti, Wilbard katikati na shati jeupe, mama yake Rosemary pembeni na kina mama. Osea alimwona Fanueli akisimama getini, akanyanyua mkono.

"Karibu, mpishi mkuu! Umekuja kuonja chumvi?"

Watu wakacheka kidogo. Scola na wenzake wakapiga magoti, wakaimba, wakaanza kufunua. Ugali wa mahindi, ugali wa ulezi. Maharage. Kisamvu cha karanga. Kuku mzima, na firigisi imewekwa juu ili ionekane. Kila chungu kilipofunuliwa Osea alikagua kwa macho ya buchani, akaitikia kwa kichwa, na kina mama wa pande zote wakapiga vigelegele. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Fanueli alikuwa na miguu isiyotulia pale getini.

Trei ikafunuliwa. Vigelegele vikakatika, si kwa ubaya, kwa mshangao. Mzee mmoja akasema "Ee!" na kujisogeza mbele. Wilbard akapewa kipande cha mgongoni, akatafuna, akasahau kwamba bwana harusi hatakiwi kuonekana mlafi.

"Baba mdogo," alisema mdomo ukiwa umejaa, "huyu samaki si wa kawaida."

"Mtamu?"

"Mtamu kama asali, halafu si mtamu. Sijui nisemeje."

Pale getini Fanueli alikunja mikono kifuani. Hiyo ndiyo dakika aliyokuwa ameitafuta, akaipata, na ilikuwa fupi.

Osea alikuwa ameshika kisu ili akate sehemu ya wazee. Mtu aliyekata nyama maisha yake yote husikiliza kwa kisu. Akakata, kisu kikashuka moja kwa moja hadi kwenye trei bila kugusa kitu. Akakata tena karibu na mkia. Ikawa vilevile.

"Huyu hana mfupa," alisema.

Mzee wa pembeni alinyoosha shingo kutazama.

"Ana kichwa, ana mkia, hana uti wa mgongo. Aliogeleaje?" Akasogeza ndimu moja kwa ncha ya kisu, kisha kitunguu. Akashika kichwa kwa vidole viwili, akakiinua. Kilitoka chenyewe, bila kukatwa. Akakigeuza watu waone: ndani kilikuwa cheupe, na samaki aliyebaki kwenye trei alikuwa mwekundu. "Jamani. Kichwa hiki ni cha kuhe. Mwili huu sijui ni wa nani."

Kina mama wa upande wa binti waliinamisha nyuso. Wilbard aliacha kutafuna.

"Scola," Osea alisema taratibu, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele, "mmetuletea nini?"

Hapo mlango wa suluhu bado ulikuwa wazi. Rosemary aliuona, akasema kwa haraka, "Shemeji, pengine ni bahati mbaya. Waseme tu wamekosea, walete samaki mwingine, yaishe. Watoto hawa wanapendana." Wilbard naye akadakia, "Ndiyo, baba mdogo. Mimi nimekula, nimeshiba." Mzee mmoja akaguna kwa kukubali. Scola, bado magotini, akaunganisha viganja vyake.

"Wazee wetu, tumekosea," alianza. "Tunaomba—"

"Usiombe!" Fanueli alipasua katikati ya mikeka, viatu miguuni. "Hakuna wa kuomba hapa! Nimepika chakula ambacho ukoo wenu wote haujawahi kukinusa, halafu mnaniletea habari za mifupa?"

"Kaka, nyamaza," Scola alisema.

"Sinyamazi! Kijana amekula, amesifu. Huyu muuza utumbo ndiye anatafuta sababu."

Osea alisimama. Kichwa cha kuhe bado kilikuwa mkononi mwake, mchuzi wa asali unamdondokea kwenye mkono wa shati. "Mimi nauza utumbo, lakini ng'ombe wangu kila mmoja ana kichwa chake. Nakuuliza mbele ya mashahidi, na unijibu kama mwanamume. Mnatuletea kitu kimefungwa vizuri, kinang'aa, kitamu. Ukikifungua ndani, kichwa cha huyu, mwili wa yule. Huko kwenu ndiyo kawaida? Hamuulizi kichwa ni cha nani?"

Kila mtu uani alielewa kinachoulizwa. Rosemary alifumba macho. Palihitajika neno moja tu la kiungwana, hata uongo mzuri ungetosha.

Lakini Fanueli alikuwa hasikii tena maswali, alisikia kicheko cha siku ya mahari. "Ndiyo!" alifoka. "Kwetu hatuulizi! Kitu kikiwa kitamu tunakula. Nyinyi ndio mnahangaika na vichwa, washamba wakubwa!"

Hata yeye aliyasikia maneno yake yakishamtoka. Yalikaa pale uani mahali pa wazi.

Osea hakupandisha sauti. "Mmesikia," alisema kuwaambia wazee. "Sikusema mimi. Baba wa binti amesema mwenyewe."

"Baba mdogo, hakumaanisha hivyo," Wilbard alisema. Alikuwa amesimama. "Mimi najua mtoto ni wangu."

"Unajua nini? Hata samaki ulidhani ni samaki." Osea akakitupa kile kichwa kwenye trei. "Funikeni."

Wilbard alimtazama mama yake. Mama yake alimtazama shemeji yake. Osea ndiye aliyelipa mahari, ndiye aliyemtafutia kazi kwa wakala, na nyumba waliyosimama mbele yake ilikuwa yake. Kijana alibaki amesimama kidogo, kisha akakaa. Hakutukana, hakulia. Alikaa tu, na kukaa kule kukamaliza kila kitu.

Wanawake wa upande wa kijana wakafunika vyungu kimoja kimoja, vikiwa vimejaa, na kuvisukuma hadi kwenye magoti ya Scola. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyeimba. Fanueli alitembea mbele akiongea peke yake, akieleza kuhusu samoni, wanavyovuliwa kwenye maji ya baridi, wanavyokatwa vichwa palepale. Alikuwa anasema kweli. Scola alimpita bila kumtazama, akakimbilia nyumbani ili binti asisikie kwa majirani. Hakuwahi. Violet alikuwa amekaa kwenye kizingiti, na alipoona vyungu bado vimefungwa vitambaa vyake, aliinuka akaingia ndani na kufunga mlango.

"Mwanangu, fungua," Fanueli alisema mlangoni. "Nitaongea nao tena kesho."

"Umeshaongea, baba mkubwa," alijibu kutoka ndani.

Kesho yake alikwenda kweli. Osea alimwacha asimame nje ya bucha huku akihudumia wateja, mpaka wateja wakaisha, kisha akashusha mlango wa bati. Mchungaji akatumwa, akarudi na jibu lilelile. Wazee wa ukoo walipeleka mbuzi wa faini, mbuzi akarudishwa. Kila mara jibu lilikuwa kwamba baba wa binti alishasema kwao hawaulizi, basi na wao wasiulizwe.

Gharama yake ni hii. Chakula chote cha vyungu walipewa nguruwe wa jirani, pamoja na yule samoni, kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyetaka kumgusa. Mahari ilirudishwa yote, na badala ya ng'ombe mmoja aliyekuwa ameshachinjwa ikabidi anunuliwe mwingine. Wilbard alioa mwaka uliofuata, binti wa Iyula. Scola alihamia kwa mwanawe Itumba na hajamsalimia kaka yake tangu hapo, hata msibani. Violet alijifungua mvulana anayefanana na Wilbard kwa masikio, kwa paji la uso na kwa mwendo, na watu wa Mpemba wakimwona barabarani hugeuza macho. Kwenye cheti cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba pameachwa wazi.